Taa Isiyotawanya Vigae: Jinsi Utando wa Kinga Unavyopimwa kwa Kishindo

Usiku, katika chumba cha kujifungulia, hakuna anayeitazama taa. Mkunga humtazama mama, mama humsikiliza mkunga, na wote wawili humngoja mtoto. Taa hukumbukwa inapozimika, au inapopasuka. Katika vituo vya kutolea huduma vijijini, kama vile vinavyowahudumia wananchi wa Kinampanda na kata jirani za Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, taa iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ile ndefu ya mrija wa kioo, ambayo wengi huiita tyubulaiti. Huwekwa juu ya kitanda cha uzazi, juu ya meza ya kufungia vidonda, na juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Kioo chake ni chembamba, hakifikii unene wa milimita moja. Kikivunjika, vigae huangukia mahali ambapo ngozi iko wazi, kidonda kiko wazi, au macho yanatazama juu.

Kwa sababu hiyo zimebuniwa taa zilizovikwa utando wa kinga, ambazo wauzaji hupenda kuziita taa zisizopasuka. Jina hilo linapotosha. Taa hizo hupasuka kama nyingine, ila hazitawanyi vigae. Makala haya yanaeleza namna utando huo unavyofanya kazi, namna unavyojaribiwa kwa kishindo, na maswali ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza kabla ya kuamini maandishi yaliyo juu ya boksi.

Kwa nini kioo hutawanyika

Kioo ni kigumu, lakini hakina unyumbufu. Ukikibana, huvumilia sana. Ukikipinda au kukivuta, hukatika ghafla. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, katika kazi yake maarufu ya miaka ya 1920, alieleza chanzo cha udhaifu huo: juu ya uso wa kioo mna nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na nguvu ya mvuto hujikusanya kwenye ncha ya ufa. Ufa mmoja ukianza kukimbia, hausimami. Ndiyo maana taa iliyosafirishwa umbali mrefu kwa lori, ikatikisika katika barabara za changarawe hadi kufika kwenye uwanda wa juu wa Iramba, yaweza kuonekana nzima kabisa huku ikiwa imekwishapata nyufa mpya.

Aina ya taa nayo huamua jinsi vigae vinavyoruka. Ndani ya mrija wa florosenti shinikizo ni dogo kuliko la hewa ya nje. Kioo kinapovunjika, hewa huingia kwa kasi, kisha vipande hurukaruka na unga mweupe uliopakwa ndani humwagika. Balbu ya halojeni, ambayo hutumika katika baadhi ya taa za upasuaji, ni kinyume chake: gesi iliyo ndani ina shinikizo kubwa na kioo ni cha moto sana. Ikipasuka, hurusha vipande vinavyoweza kuunguza. Balbu ya namna hiyo haivikwi utando wa plastiki wa kawaida, kwa kuwa ungeyeyuka. Hukingwa kwa kioo kingine kinachowekwa mbele yake. Kioo hicho cha mbele kikiwa kimeondolewa au kimevunjika, taa isitumike juu ya mgonjwa.

Utando hufanya kazi gani

Wazo la msingi ni la zamani. Husimuliwa kwamba mwaka 1903 mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara, naye akashangaa kuona imepasuka bila vipande vyake kuachana. Ndani ya chupa hiyo kulikuwa kumebaki tabaka jembamba la selulosi iliyokauka, nalo lilikuwa limeshika vipande vyote. Kutokana na wazo hilo kilizaliwa kioo cha tabaka. Kila aliyewahi kusafiri kwa basi amekiona: jiwe likipiga kioo cha mbele, nyufa huenea kama utando wa buibui, lakini kioo hakimwangukii dereva mapajani.

Taa yenye kinga hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa utando umewekwa nje ya mrija. Baadhi hutengenezwa kwa floropolima, jamii ya plastiki inayostahimili joto. Nyingine kwa poliesta. Nyingine kwa silikoni, hasa zile balbu za kupashia joto. Zipo pia taa ambazo mrija wake umeingizwa ndani ya mrija mwingine wa plastiki ngumu ya polikaboneti. Katika hali zote, kazi ya utando si kuzuia kioo kisivunjike. Kazi yake ni kuufanya mrija uliovunjika ubaki kitu kimoja, mfano wa mfuko uliojaa vigae, ambao mtu anaweza kuuondoa mzima bila kitu chochote kumwagika.

Jambo hili ndilo linaloitofautisha taa na miwani. Nchini Marekani, lenzi ya miwani hudondoshewa tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 16 hivi kutoka kimo cha sentimita 127, na sharti ni kwamba lenzi isivunjike. Kwa taa yenye utando, kioo kinaruhusiwa kuvunjika, na mara nyingi mpimaji huhakikisha kwamba kimevunjika kweli, kwa maana bila hivyo utando haujajaribiwa. Swali linaloulizwa ni hili: je, kuna chochote kilichotoka nje?

Jaribio la kishindo

Njia ya kwanza, na iliyo nyepesi kueleweka, ni kuidondosha taa yenyewe. Taa hushikwa kwa usawa katika kimo kilichopangwa, kisha huachiwa ianguke juu ya sakafu ngumu ya zege au bamba la chuma. Tuseme taa ina uzito wa gramu 200 na dari iko mita 3 juu ya sakafu. Ikifika chini itakuwa na nishati ya karibu jouli 6 na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Nishati hiyo inatosha kabisa kuuvunja mrija. Aliyeipima taa yake kwa kimo cha mita moja amejaribu thuluthi tu ya nishati hiyo, na matokeo yake hayawezi kumtosheleza mwenye dari ya mita 3.

Njia ya pili ni kuishikilia taa mahali pamoja na kuipiga. Uzito au tufe la chuma huangushwa juu yake, au nyundo inayoning'inia huachiwa iipige ubavuni. Kimo huongezwa hatua kwa hatua hadi ijulikane utando unachanika wapi. Njia hii huonyesha hatari ya aina nyingine: ngazi iliyoegemezwa vibaya, nguzo ya dripu iliyoinuliwa juu mno, au mpini wa ufagio unaoondoa utando wa buibui darini.

Msomaji anaweza pia kukutana na alama ya IK kwenye maandishi ya taa. Hiyo ni alama ya kimataifa ya uimara wa kifuniko au kasha dhidi ya vishindo. IK08 maana yake ni kustahimili jouli 5, sawa na uzito wa kilo 1.7 ulioanguka kutoka sentimita 30 hivi. IK10 ni jouli 20, yaani kilo 5 kutoka sentimita 40 hivi. Alama hiyo huhusu kasha linaloibeba taa. Haielezi lolote kuhusu utando uliovikwa mrija wenyewe, na mnunuzi asikubali moja litumike kama ushahidi wa jingine.

Baada ya kishindo, kazi ya kupima ndiyo huanza. Taa hupimwa uzito kabla na baada ya kuanguka. Upungufu wowote ni kioo au unga uliotoka. Eneo lililozunguka hukaguliwa juu ya kitambaa cheusi, kwa mwanga wa pembeni, ili chembe ndogo zionekane. Kisha hukaguliwa ncha mbili za taa. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, kwa sababu ndipo kioo kinapoungana na kifuniko cha metali. Utando ukiishia kwenye kioo bila kukipanda kifuniko, ncha hukatika na vigae vyote humwagika kama nafaka kutoka kwenye gunia lisilofungwa mdomo.

Taa moja haitoshi

Muuzaji anaposema kwamba taa zake zimejaribiwa na hazikumwaga kitu, yafaa aulizwe: zilijaribiwa ngapi? Wahudumu wa afya wanaijua kanuni hii kutokana na majaribio ya dawa. Kama dawa imepewa watu 10 na hakuna aliyepata madhara, hatuwezi kusema dawa haina madhara; twaweza kusema tu, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba madhara hayazidi takriban mtu mmoja kati ya wanne. Ndivyo ilivyo kwa taa. Zikidondoshwa 10 na zote zikashika vigae vyake, bado inawezekana kwamba robo ya taa za aina hiyo zitashindwa. Zikidondoshwa 30 bila kosa, kiwango kinachowezekana hushuka hadi karibu asilimia 10. Tukitaka kushuka hadi asilimia 1, zahitajika taa 300 hivi. Video ya taa moja iliyoangushwa mbele ya wanunuzi ni tangazo la biashara. Haistahili kuitwa jaribio.

Umri wa utando

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni kuijaribu taa ikiwa mpya. Wodini taa haivunjiki siku ilipotolewa kwenye boksi. Huvunjika baada ya miezi au miaka ya kuwaka, na wakati huo utando wake si ule wa mwanzo. Joto na mionzi ya urujuanimno huukausha, huugeuza rangi na kuuondolea unyumbufu. Ncha za taa, zilizo karibu na nyuzi za umeme, ndizo za moto zaidi, kwa hiyo utando huzeeka upesi mahali palepale ambapo tumeona kuwa ni dhaifu. Jaribio la haki ni lile ambalo taa huwashwa kwanza kwa saa zote ambazo mtengenezaji anaziahidi, ndipo ikadondoshwa.

Kwa wodi ya watoto wachanga, kuzeeka huku kuna hatari ya pili ambayo haihusiani na vigae. Mtoto mwenye manjano hutibiwa kwa mwanga wa buluu, ambao sehemu yake yenye nguvu zaidi ya tiba huwa kati ya nanomita 460 na 490. Mwanga huo hubadili bilirubini iliyo katika ngozi iwe katika umbo ambalo mwili waweza kulitoa. Sasa, kitu chenye rangi ya manjano huonekana hivyo kwa sababu kinanyonya mwanga wa buluu. Utando uliogeuka manjano unamnyang'anya mtoto dawa yake, ingawa kwa macho yetu taa bado inawaka vizuri. Kwa hiyo taa ya tiba isipimwe kwa macho. Penye kipima-mwanga kitumike. Pasipo nacho, saa za matumizi ziandikwe kwenye daftari na taa ibadilishwe kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji.

Tahadhari nyingine mbili zahusu joto na mionzi. Taa yenye utando isiwekwe ndani ya kasha lililofungwa lisilopitisha hewa, isipokuwa imeandikwa kwamba yaruhusiwa, kwa kuwa baadhi ya plastiki zikipata joto kupita kiasi hutoa moshi unaodhuru mapafu. Na taa za kuulia vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno zisivikwe mrija wa plastiki wa kawaida: plastiki huizuia mionzi hiyo, nayo mionzi huiharibu plastiki upesi.

Zebaki iliyo ndani

Wana-Iramba wanaifahamu historia ya dhahabu. Mgodi wa Sekenke, uliomo wilayani humo, ulianza mwaka 1909 wakati wa utawala wa Wajerumani. Wachimbaji wadogo nchini hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, na madhara yake yameelezwa mara nyingi. Si wote wanaojua kwamba kila taa ya florosenti nayo ina zebaki ndani yake. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida miligramu chache, ilhali kipimajoto cha kioo cha zamani kilikuwa na nusu gramu hadi gramu nzima. Hapana sababu ya taharuki taa moja inapovunjika. Lakini mvuke wa zebaki huingia mwilini kwa njia ya pumzi, na chumba cha watoto wachanga au cha wajawazito si mahali pa kuupuuza.

Utando ulio mzima huzuia pia sehemu kubwa ya zebaki na unga visimwagike. Hii ndiyo faida isiyotajwa sana. Hata hivyo, ufumbuzi wa kudumu upo kwingine. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walidhurika kwa zebaki ya kiwandani, ulianza kutumika mwaka 2017. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi wanachama zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija ya florosenti ya taa za kawaida ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa hiyo vituo vinaelekea kwenye taa za LED, ambazo hazina zebaki. Ila ieleweke kwamba taa nyingi ndefu za LED bado hutengenezwa kwa kioo. Anayebadilisha taa ameondokana na zebaki, wala hajaondokana na vigae. Juu ya kitanda cha mgonjwa ichaguliwe LED yenye mrija wa plastiki, au ya kioo iliyovikwa utando.

Taa ya florosenti ikivunjika

Kwanza, watu watoke chumbani, watoto na wajawazito wakitangulia; umeme uzimwe, madirisha yafunguliwe, na chumba kiachwe kwa dakika 10 hadi 15. Asiyekuwa na viatu asipite.

Pili, usitumie ufagio, kwa kuwa hueneza unga na zebaki. Vaa glavu nene, kusanya vipande vikubwa kwa karatasi ngumu, kisha nasa chembe ndogo kwa plasta ya kawaida ya wodini. Malizia kwa kitambaa kibichi.

Tatu, weka vyote, pamoja na plasta na kitambaa, ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, ukiandike. Usivitie kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, ingawa mkono huzoea kuelekea huko. Boksi hilo huishia kwenye kichomea taka, na moto huigeuza zebaki kuwa mvuke. Chombo hicho kihifadhiwe nje ya wodi hadi afisa afya wa wilaya atakapoelekeza.

Nne, taa yenye utando iliyovunjika isikatwe wala kufunguliwa. Ishikwe kwa mikono miwili, itolewe nzima, na kutiwa katika mfuko imara.

Aliyeingiwa na kigae jichoni asilisugue. Chembe iliyo juu juu huoshwa kwa maji safi mengi. Kigae kilichochoma jicho kisiguswe, bali jicho lifunikwe kwa kikombe kisafi kisicholigandamiza, na mgonjwa apelekwe haraka penye huduma ya macho. Jeraha la kioo likaguliwe kwa makini, na kinga ya pepopunda ithibitishwe. Kioo kwa kawaida huonekana katika eksirei, lakini kipande cha utando wa plastiki hakionekani. Mgonjwa akisema bado anahisi kitu, asikilizwe.

Maswali kabla ya kununua

Afisa ugavi, mganga mfawidhi au kamati ya kituo waulize: Taa ilidondoshwa kutoka kimo gani, juu ya sakafu ya aina gani? Ilikuwa mpya, au ilikwishawaka, na kwa saa ngapi? Zilijaribiwa ngapi, na ngapi zilimwaga? Utando unavifunika vifuniko vya metali vya ncha? Unastahimili joto la kiasi gani, na unapunguza mwanga kwa kiasi gani? Majibu yaje kwa maandishi, yakitaja kiwango kilichofuatwa. Penye shaka, Shirika la Viwango Tanzania ndicho chombo cha kuulizwa.

Baada ya kununua, taa zikaguliwe kila mwezi zikiwa zimezimwa na zimepoa. Utando uliopasuka, uliobanduka kwenye ncha, au uliogeuka manjano umemaliza kazi yake, hata kama taa yenyewe inawaka.

Nawe mgonjwa, au uliyekuja kumwuguza mwenzio, una sehemu yako. Usitundike chandarua, nguo wala mfuko kwenye taa. Ukiona taa inayumba, inapepesa, au utando wake unaning'inia, mwambie muuguzi mapema. Ukiambiwa usubiri kidogo ili kitanda kisogezwe kutoka chini yake, subiri. Hatua hiyo haigharimu chochote, nayo humkinga mgonjwa hadi fundi atakapofika.